Asiyesikia Filimbi

Mama alikuwa akiwaambia majirani kwamba nilizaliwa ngumi zikiwa zimekunjwa, na mimi sikatai. Hasira zangu hukaa karibu na mlango. Labda ndiyo sababu chuo kimoja cha binafsi huku Ruiru kilinikabidhi timu ya mpira ya wavulana ambayo makocha wanaume walikuwa wameitoroka. Timu yenyewe ilikuwa ya vita. Ikishinda inapigana, ikishindwa inapigana, ikitoka sare ndiyo mbaya zaidi. Nikatoka kwetu Kakamega, nikapanga chumba mtaa wa Kimbo, nikanunua filimbi ya chuma nikaitundika shingoni.

"Madam, hapa ni kiwanja, si kwaya ya kina mama," kapteni aliniambia siku ya kwanza, na wenzake wakaangua kicheko. Nilimlaza chini apige pushapu mbele yao mpaka mikono ikaanza kumtetemeka. Alipoinuka aliniangalia kwa jicho baya, akatema mate pembeni, kisha akasema, "Sawa, Madam." Tukaelewana hapo.

Kapteni alikuwa beki, mtoto wa Ngoingwa kule Thika, kifua kipana na sauti ya muuza mitumba. Timu nzima iliendeshwa na hiyo sauti. "Nyuma yako! Wacha! Piga!" Ungemsikia hata ukiwa barabarani unangoja kuvuka.

Halafu akaja winga. Alikuwa mwanafunzi mgeni wa kozi ya umeme, mwembamba, kiziwi tangu homa ya utotoni. Alisimama mbele yangu viatu vikiwa vimefungwa tayari, akaonyesha mpira, akajionyesha kifua, akaonyesha upande wa kushoto wa kiwanja.

"Huyo ni bubu, Madam," kapteni akasema. "Hasikii kitu. Sasa tutakuwa tunamwitaje?"

"Na wewe unayesikia, umefunga mabao mangapi?" nikamuuliza, nikamrushia yule kijana mpira.

Wee! Sijui nianzie wapi. Aliondoka na ule mpira, beki wa kwanza akakaa chini, wa pili akabaki ameshika hewa, kapteni mwenyewe akateleza makalio yakalamba vumbi. Nilicheka hadi nikashika mbavu. Nilimpa jezi siku hiyo hiyo, na siku hiyo hiyo wakamchukia.

Shida ilikuwa filimbi. Nikipuliza, wote wanasimama, yeye anaendelea. Anakimbia peke yake, anapiga mpira golini, anageuka na furaha yake, anakuta wenzake wameshika viuno. Kwa hiyo vijana wakabuni njia yao. Filimbi ikilia, yeyote aliye karibu naye anamchapa teke la muundi. "Hiyo ndiyo filimbi yake, Madam," wakaniambia, na walisema bila hata aibu. Nilimkimbiza mmoja wao nikampiga mgongoni na koni ya plastiki, lakini ningekuwa kila mahali vipi? Miguu ya huyo kijana ilikuwa na madoa meusi kutoka magotini hadi vifundoni.

Na kila akipigwa teke, alifanya jambo moja. Alimgeukia kapteni, akajigonga kifua kwa kiganja, akainua nyusi. Mimi? Yaani, kosa ni langu? Hakuwa amesikia kitu, alitaka kujua filimbi imelia kwa sababu ya nani. Kapteni alikuwa akimnyooshea kidole. Wewe. Hata kama aliyeunawa mpira ni mwingine, hata kama aliyecheza rafu ni kapteni mwenyewe, kidole kilienda kwa winga. Naye aliinamisha kichwa, akakubali, akarudi nafasi yake. Haki hilo jambo lilinikera kuliko mateke.

Mechi iliyoharibu mambo tuliichezea Thika, dhidi ya chuo cha huko. Watu wa kapteni walikuwa wametoka Ngoingwa kuja kumwona, mama yake na shangazi zake, na miavuli yao na mandazi yao. Tulikuwa tumefungwa bao moja. Winga akapenyezewa mpira, refa akapuliza, alikuwa ameotea. Wote wakasimama. Kipa wao akalegea, akainama kuokota chupa yake ya maji. Winga hakujua. Alikuja na kasi yake yote akauchapa mpira, na yule kipa alipoinua kichwa ukampata usoni kutoka karibu kabisa. Pua ikapasuka, damu ikamwagikia glavu.

Sijawahi kuona watu wakivuka kiwanja haraka hivyo. Timu yao yote ilimwangukia. Mateke, ngumi, viwiko, mmoja akang'oa kijiti cha kibendera cha kona akaja nacho. Mimi nikang'oa cha upande wangu, nikaingia. Nilipigwa kiwiko cha mdomo, nikauma mkono wa mtu, mpaka leo sijui ulikuwa wa nani. Kisha nikamwona kapteni anakuja mbio na moyo ukanitulia, nikajua anakuja kumtoa mtu wake. Kapteni akawapita wale wa Thika wote, akamwinua winga kwa kola ya jezi, akamtandika ngumi ya mdomo.

"Umeniaibisha mbele ya mathe wangu!"

Jino likatoka. Na yule kijana, damu ikimtiririka kidevuni, akajigonga kifua, akainua nyusi. Mimi? Kidole cha kapteni kilikuwa tayari kimenyooshwa.

Mkuu wa michezo wa chuo akaniita ofisini. Alikuwa ametoka kwa semina huko Nairobi na kurudi na neno jipya, ujumuishaji, na alilitamka hata kama tulikuwa tunazungumzia maji ya choo. Ukutani nyuma yake kulikuwa na bango kubwa, Michezo ni ya Wote. Katikati ya bango, amevaa jezi yetu na anatabasamu, ni winga. Picha ilikuwa imepigwa kabla jino halijatoka.

"Madam, huyo kijana tumpeleke kwa vishale," alisema. "Arushe vishale kwa ubao. Hakuna kugongana, hakuna filimbi. Huo pia ni ujumuishaji."

"Kwa bango anacheza mpira, kwa kiwanja anarusha vishale?"

"Ni kwa usalama wake." Akaegemea kiti, akatabasamu, nikaona utani unakuja. "Si wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu?"

Alicheka peke yake. Yeye ndiye mkuu, winga ndiye asiyesikia, na alifurahi sana kuona wahenga walikuwa wamemwandalia hiyo. Nilipiga meza kwa kiganja, kikombe cha chai kikaruka kikamwagikia suruali yake. Nikamwambia maneno ambayo mama angekuwepo angeniziba mdomo. Alijipangusa bila haraka, na alipomaliza alisema polepole, "Vurugu moja tu nyingine, Madam. Moja. Yeye anatoka kwa timu, na wewe unarudi kwenu."

Nilitoka hapo. Winga alikuwa amekaa kwenye ngazi za nje akiningoja, mdomo umevimba. Siku moja alikuwa ameniandikia kwa simu kwamba darasani yeye huona mgongo wa mwalimu, hosteli huona watu wakicheka asijue wanacheka nini, lakini mpira hauna maneno, mpira anauelewa. Sasa aliiacha simu mfukoni. Alionyesha kiwanja, akajionyesha kifua, akangoja uso wangu umjibu. Nikamwinulia dole gumba.

Basi nikaleta sheria yangu. Filimbi ikilia, kila mtu anainua mikono yote miwili juu na kusimama hapo alipo. Winga akiiona mikono, naye anainua wake, anauliza kosa ni la nani, anaonyeshwa ukweli. Na hakuna anayeshusha mikono kabla yeye hajashusha.

"Ngai! Madam, si tutakaa kama wezi wameshikwa na karao?" kapteni akalalamika. Karao ndio polisi, na vijana wa huku wanawajua vizuri.

"Inua."

"Watu watatucheka mbaya."

"Wacha wacheke. Inua!"

Wengine waliinua wakinung'unika. Kapteni akakataa. Aliyekataa alikuwa anaruka kichurachura kuzunguka kiwanja, na kapteni aliruka mpaka akatapika, na bado akakataa. Nilikuwa nimekutana na kichwa kigumu kuliko changu. Siku moja nilipuliza, mikono yote ikapanda isipokuwa yake. Akamgeukia winga, akamtazama usoni, akasema bila sauti, kwa midomo tu, polepole ili aonekane vizuri: "Bu-bu."

Winga anasoma midomo. Alimpiga kichwa cha pua. Walianguka wote wawili kwenye udongo mwekundu wa murram wakaviringishana, wakapigana kwa magoti na meno, kapteni akitukana kwa Kikuyu, winga akitoa sauti nzito ya kooni ambayo hatukuwa tumewahi kuisikia. Wengine wakataka kuwatenganisha.

"Waacheni!" nikapiga kelele.

Nilijua mkuu akisikia tumekwisha. Lakini nilijua pia hawa wawili wasipomalizana hapo, mateke ya muundi hayataisha. Walipigana mpaka nguvu zikawaishia, wakabaki wamekaa chini wakihema, vumbi na damu, kola zimeraruka. Hapo winga akajigonga kifua. Mimi?

Kapteni alikuwa ameshika pua yake iliyopinda. Aliangalia chini, akatema damu, akaangalia chini tena. Kisha akainua mkono, akajinyooshea kidole mwenyewe. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyempelekea mkuu hiyo habari.

Kuanzia hapo sheria ikashika. Ikawa mazoea, halafu ikawa ugonjwa. Askari wa geti akipulizia lori filimbi, vijana wangu walio kantini wanainua mikono, mwingine bado ameshika chapati. Wasichana wa netiboli waliwacheka, halafu nao wakaanza kuinua. Kapteni ndiye aliyekuwa wa kwanza siku zote. Akaacha kuiongoza timu kwa mdomo tu, akaanza kupiga mguu chini na kupunga mkono, na mipira ikaanza kwenda kushoto. Tulirudiana na wale wa Thika tukawafunga, na bao lilikuwa la winga. Mama yake kapteni aliingia kiwanjani na mwavuli wake, akamkumbatia huyo kijana hadi jezi ikamkaba shingo.

Sasa niseme ya Kimbo.

Chuo kilikuwa kimechimba kiwanja chetu ili kijenge hosteli, kwa hiyo tulikuwa tunafanyia mazoezi uwanja wa shule moja ng'ambo ya Kimbo. Tukimaliza tunarudi mbio, kundi zima, mimi mkiani nikihema. Winga hukaa mbele, na hakuna wa kumfikia. Alasiri hiyo alikuwa ametuacha mbali, amevuta kofia ya jaketi kichwani kwa sababu ya manyunyu.

Pale stejini, kwenye kituo cha matatu, mwanamke alikuwa amenyakuliwa simu. Mwizi mwenyewe alikuwa ameshapotelea kwa vichochoro vya ploti za kupanga. Watu wakasikia nduru, wakageuka, wakaona nini? Kijana mwembamba, kofia kichwani, anatimua mbio. "Mwizi! Shika huyo! Simama! Wewe, simama!" Steji nzima ilimpigia kelele asimame. Hakusimama. Angesimama kwa nini? Hakuna mtu aliyekuwa ameinua mkono.

Mtu wa bodaboda akamgonga na pikipiki kutoka nyuma. Nilikuwa napinda kona ndipo nikamwona akirushwa, akaangukia ukingo wa mtaro, na kabla hajaegemea kiwiko ili ainuke wakamfunika. Mawe. Mpini wa jembe. Mshipi wenye kifungo cha chuma. Mwanaume aliyevaa aproni nyeupe ya buchari alikuwa anaruka juu na kumkanyaga mguu, anashuka, anaruka tena. Na walimhoji huku wakimpiga. "Simu iko wapi? Ongea! Si uongee!" Kila alipokosa kujibu walimzidishia. "Anajifanya bubu huyu!" mtu akasema, na wengine wakacheka, walicheka kabisa. Nikaona mmoja anaburuta tairi kuukuu kutoka kwa fundi wa pancha. Nikaona yule wa bodaboda ameinama kwa pikipiki yake, anajaza petroli kwa chupa ya soda.

Mayi! Nikatimua mbio. Kapteni na wenzake walikuwa wameshaingia kwenye umati wakipiga kelele. "Ni wetu! Ni mwanafunzi! Hasikii, ni kiziwi!" Nani angewasikia? Viziwi siku hiyo walikuwa wengi pale Kimbo. Kapteni akapigwa jiwe la bega. Mwingine akashikwa shati, akaulizwa, "Kumbe ni genge moja?" Nikajua sasa watachoma wote.

Nikapuliza filimbi.

Sikufikiri, siwezi kudanganya. Nilikuwa na hofu na hasira, na kitu pekee nilichokuwa nacho kilikuwa shingoni. Nilipuliza kwa nguvu zote za kifua changu. Na vijana wangu, kwa ule ugonjwa wao, kila mmoja hapo alipokuwa, katikati ya ngumi na mawe, wakainua mikono juu wakasimama tuli. Yule aliyeshikwa shati aliinua mikono akiwa bado ameshikwa.

Umati ukasikia filimbi, ukaona vijana wameinua mikono. Pale stejini hiyo ina maana moja tu.

"Karao!" mtu akapiga nduru. "Karao wako nyuma! Wako na bunduki!"

Mngeona watu! Aliyeshika jiwe aliliangusha kwenye kidole chake mwenyewe cha mguu. Aproni ya buchari ilipita karibu yangu mbio na harufu yake ya nyama. Pikipiki ikawashwa, chupa ya petroli ikatupwa mtaroni, tairi likaachwa likazunguka peke yake hadi likalala. Milango ya maduka ikashushwa nusu. Wale waliotaka kuchoma mtoto wa watu kwa sababu anakimbia, sasa walikuwa wanakimbia kuliko yeye, na hakukuwa na polisi hata mmoja hapo. Ni mimi tu na filimbi yangu.

Winga akabaki peke yake kwenye matope. Jicho moja lilikuwa limezibwa na uvimbe. Mguu wa kushoto ulikuwa umekunjika pale chini ya goti mahali ambapo mguu haukunjiki, na kabla daktari yeyote hajaniambia nilijua huyo hatakuwa winga tena. Nikakumbuka ule utani wa ofisini, guu na mkuu.

Aliyekuwa amebaki ni mama wa mahindi choma, ambaye hangeweza kulikimbia jiko lake. Alishika kiuno, akamtazama.

"Woi, mtoto wa wenyewe," alisema. "Lakini si angesimama tu? Tulimwambia asimame."

Winga alikuwa anamtazama midomo.

Kwa lile jicho lililobaki akageuka, akaona mikono ya wenzake. Ilikuwa bado iko juu, manyunyu yakiilowesha, kwa sababu sheria ni sheria, yeye hakuwa ameinua wala kushusha wake. Akainua mkono. Akajigonga kifua. Akajaribu kuinua nyusi, ukapanda mmoja tu. Mimi?

Nilipiga magoti kando yake nikatikisa kichwa, si wewe, mwanangu, si wewe, nikilia kwa sauti mbele za watu na kamasi zikinishuka. Hakuniamini. Uwanjani si mimi ninayeonyesha. Jicho lake lilinipita, likamtafuta kapteni.

Kapteni alikuwa amesimama mikono juu, damu ikimshuka kutoka begani. Alishusha mmoja, akanyoosha kidole, akaanza kutafuta mtu wa kumwonyesha. Alikizungusha kidole hicho steji nzima. Maduka yamefungwa nusu, bodaboda hakuna, tairi limelala, mama wa mahindi anapepea jiko akiangalia kando. Hakupata mtu. Akarudi akamtazama winga usoni, akatikisa kichwa, akatikisa tena, na akasema bila sauti, kwa midomo tu, polepole ili aonekane vizuri: "Si we-we."

Winga alimsoma mpaka mwisho. Kisha akashusha mkono.

Ndipo na wao wakashusha, wakainama, wakambeba.